Aliyeanzia hisabati za chini

Mhariri,

Aprili 2025 chombo cha Blue Origin, kampuni ya Marekani ya safari za anga, kilipopaa na wanawake sita, hapa kwetu mabishano yote yalikuwa mwimbaji Katy Perry. Aisha Bowe, mmoja wa hao sita, mhandisi wa vyombo vya anga, hakuna aliyemtaja. Huyu alianzia chuo cha jamii huko Michigan, Marekani, kwa hisabati za chini kabisa, akafika NASA, shirika la anga la Marekani, na mwaka 2013 akafungua kampuni yake, STEMBoard. Safari yenyewe dakika kama 11, ugali haujaiva!

Mimi zimenigusa hizo hisabati. Binti yangu wa kidato cha pili kaleta 23 kwa mia, karatasi kaikunja ikawa ndogo kama kiberiti. Nikamsimulia. Akanyamaza, kisha: “Mama, chuo hicho ada shilingi ngapi?”

Mzazi,
Chumbageni, Tanga