Pikipiki za wazee wetu zisiuzwe kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji aliyelalamika kwamba nyuma ya nyumba nyingi hapa Tanga kuna mapikipiki mabovu yanafuga panya na mbu, akashauri yote yachukuliwe na watu wa chuma chakavu ili mji uwe safi. Habari ya mbu tuko pamoja. Ila hilo la kuyauza yote kwa kilo limeniuma, nimekaa nalo siku kadhaa mpaka nimeona niandike, maana moja ya hayo mapikipiki mabovu mimi ndo naendea nalo soko la Mgandini kila Jumamosi.

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu iko Ngamiani, umakenika sijasomea popote. Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba, Honda CG125 ya tangi jekundu, aliinunua miaka ya 80 kwa pesa yake akawa anaendea kazini kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza. Alipofariki ikawekwa chini ya mwembe nyumbani Sahare, ikafunikwa turubai, turubai likachanika, na pale upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani, sasa fikiria chumvi imekila hicho chuma miaka 11. Rimu zote kutu, spoki zinakatika ukizishika, kiki haishuki kabisa.

Siku moja akaja kijana na mkokoteni na mizani yake, akasema atatupa shilingi 800 kwa kilo. Kaka yangu alishakubali. Mimi nikapiga hesabu pale pale, pikipiki yenyewe ikiwa kavu haifiki kilo 100, yaani hata elfu themanini hatupati, kwa kitu kilichotusomesha watoto wanne. Nikamwambia kaka niachie, nitaitoa mwenyewe hapo uani. Akaniuliza utaipeleka wapi, nikamjibu nitaiendesha. Ilichukua miezi 14, jioni na Jumapili, lakini niliiendesha.

Kitu ambacho wengi hawakijui na ndo sababu kubwa ya barua hii ni kwamba hizi pikipiki za Kichina zinazobeba abiria kila kona ya mji, nyingi injini yake asili yake ni hiyo hiyo CG ya wazee wetu. Honda waliitoa mwaka 1976, waliiunda makusudi kwa nchi ambazo mtu anabeba magunia, barabara ni vumbi na oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Kwa hiyo hawakuweka kemu, kile chuma kinachofungua valvu, yaani vilango vya hewa na moshi vya injini, juu kwenye kichwa cha injini na cheni yake ya taimingi, kemu waliiacha chini na valvu zinasukumwa na pushi rodi, vyuma viwili virefu tu, halafu cheni ya tairi la nyuma wakaifunika yote na kava mchanga usiingie. Wachina nao wakaiga, na leo hii ukienda duka lolote la spea za bodaboda utakuta ringi za pistoni, gasketi, kebo na breki shuu ambazo zinakaa kwenye pikipiki ya mwaka 1980. Si kila kitu kinaingia, hapo nisimdanganye mtu. Unakwenda na kifaa cha zamani mkononi, unakilinganisha pale pale kaunta, tundu kwa tundu, meno kwa meno, ukiridhika ndo unatoa pesa. Mimi klachi nilirudisha mara mbili.

Injini ilikuwa imeganda. Vijana wa kijiweni waliniambia dada, tia gia ya nne sukuma kwa nguvu itaachia. Nashukuru sikuwasikiliza, nilimfuata mzee mmoja Makorora aliyekuwa fundi wa pikipiki tangu zamani, sasa kaacha kazi kwa sababu ya macho, nikampa shikamoo nikamweleza. Akasema mwanangu, iliyoganda hailazimishwi, ringi zitavunjikia humo humo. Tukatoa plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili kupitia tundu la plagi, tukaiacha siku 5, kila siku jioni naijaribu kiki kwa mkono taratibu. Siku ya tano ikashuka kama nchi moja hivi. Nilipiga kelele majirani wakatoka.

Tulipofungua tukakuta silinda ina michirizi, ukipitisha ukucha unanasa. Pistoni ya kiwandani ya hii pikipiki ni milimita 56.5, kwa hiyo silinda ikapelekwa kwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma ikachongwa kwa pistoni ya ovasaizi 0.50, yaani 57 kamili. Mzee akanifundisha kwamba pistoni unanunua kwanza ndo unachonga silinda kuifuata hiyo pistoni, maana ukichonga kwanza halafu ukakosa pistoni ya saizi hiyo umeshapoteza silinda. Na ringi kabla hujaivisha kwenye pistoni unaiingiza peke yake ndani ya silinda, unaisukuma na kichwa cha pistoni ikae sawa, unapima uwazi wa ncha zake. Kazi hii mimi niliipenda sana kwa sababu inafanana na yangu, kitambaa unapima kwanza ndo unakata.

Valvu ndo zilinifundisha utulivu. Injini lazima iwe ya baridi kabisa, unazungusha sumaku, lile gurudumu la pembeni ya injini, mpaka alama ya T, ya pistoni ikiwa juu kabisa, ikae sawa na valvu zote mbili ziwe zimelegea, halafu uwazi unaotakiwa kati ya valvu na chuma kinachoisukuma ni milimita 0.08. Karatasi ya kawaida ya kuprintia ni kama 0.1, kwa hiyo ni wembamba kuliko karatasi. Nilinunua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi, na nawaambia wanaotaka kujaribu, msikisie kwa jicho, ukibana sana valvu inaungua, ukilegeza sana inagonga kama cherehani iliyokosa mafuta.

Moto wa plagi je? Pikipiki hizi za mwanzo zinatumia pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, vijana wa sasa hawazijui kabisa kwa sababu wamezaliwa wakakuta CDI, kifaa cha umeme kinachofanya kazi hiyo bila pointi. Zikichakaa wanakwambia tupa weka mpya. Mzee akachukua ile karatasi laini ya ndani ya pakiti ya sigara, akaibana katikati ya pointi, akaniambia zungusha sumaku polepole huku navuta, karatasi ilipoachia tu akasema simama, tukachungulia, alama ya F, ya pale cheche inapotakiwa kutoka, ikawa imekaa sawa kabisa na alama ya injini. Mzee macho hayaoni vizuri lakini taimingi kaiweka kwa vidole. Mhariri, mimi nilitokwa na machozi pale, kwa sababu nilijua elimu ile haijaandikwa mahali, iko kwenye vidole vya wazee kama wanne watano waliobaki hapa mjini na siku wakiondoka imeondoka.

Tangi nalo lilikuwa limejaa kutu ndani. Nilitumia siki, nililijaza nikaliacha siku 2, nikatia ndani cheni ya baiskeli iliyofungwa waya ili niweze kuivuta nje, nikawa natingisha. Likatoka safi linang'aa, nikasuuza kwa maji nikaenda kulala, asubuhi nakuta kutu mpya ya rangi ya chungwa. Nikarudia kazi yote. Mara ya pili nikasuuza kwa maji ya magadi kuua ukali wa siki, nikalikausha juani saa hiyo hiyo bila kungoja, nikazungusha humo petroli yenye oili kidogo, mpaka leo halijarudi. Lilikuwa na kitundu chini na mchomeleaji mmoja akataka aguse moto hivi hivi, akasema halina petroli tangu miaka. Nilikataa. Mvuke wa petroli unajificha kwenye maungio na unalipuka, tangi lazima lioshwe kwa sabuni na maji moto mara nyingi, halafu lijazwe maji libaki sehemu ndogo tu ya kuchomelea. Kwa hili sina mzaha na yeyote.

Rimu nilimpa fundi baiskeli. Tanga hii ya baiskeli, nani atashindwa kusuka spoki 36? Alikaa nazo nje ya kibanda chake mchana mmoja, anagonga kila spoki anasikiliza sauti yake, tairi likawa linazunguka halitikisiki.

Taa zilinisumbua zaidi kwa sababu mfumo wake ni wa volti 6 na betri za pikipiki za volti 6 nilizitafuta nikachoka. Mwisho nikagundua zile taa za kuchaji za nyumbani ndani yake kuna betri ya volti 6 ampea 4, inaenea pale pale ilipokuwa ya zamani. Ya kwanza ilivimba ndani ya wiki 3 kwa sababu nilikuwa natembea mchana taa zimezimwa na umeme wote unaishia kwenye betri. Sasa natembea taa ikiwaka mchana na usiku, betri inapumua, na magari yananiona.

Sasa nije kwenye hili la kuzirembesha, maana upande mmoja kuna wa kuuza kwa kilo na upande wa pili kuna wa kukata. Vijana walitaka nikate chasisi nyuma, niweke kiti kifupi cha mtu mmoja, usukani wa chini, madigadi nitupe. Nawaelewa, inapendeza kwenye picha. Lakini ile chasisi ya nyuma ndo inashika shokapu, kiti na mzigo, ukiikata na kuichomelea kwa fundi wa kukisia umeidhoofisha pale pale inapobeba uzito, na ukijuta huwezi kuirudisha. Msimamo wangu ni huu, badilisha unachoweza kufungua kwa spana siku ukitaka kurudisha cha zamani. Kiti nimeshona mwenyewe, turubai nene la kahawia na uzi wa nailoni, sponji mpya, mishono miwili miwili pembeni, na kama kuna kitu kwenye pikipiki hii najivunia mbele ya mtu yeyote ni hicho kiti. Keria ya nyuma ya kubebea majora ya vitambaa nimetengenezesha lakini imefungwa kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani. Tairi na breki shuu nimeweka mpya, hapo sikuangalia uzamani. Rangi nimerudisha nyekundu ile ile kwa sababu ndo iliyoandikwa kwenye kadi na ndo baba aliyoichagua. Kadi yenyewe ilibidi tufuate kwanza mambo ya mirathi ndo umiliki ubadilishwe, namba ya injini na ya chasisi zilisomeka vizuri, kwa hiyo mwenye pikipiki ya marehemu asipige msasa wala asipake rangi juu ya zile namba.

Ombi langu kwa wasomaji wa Tanga, Muheza, Pangani, Korogwe, wale ambao baba au babu alikuwa bwana shamba, mwalimu, katekista, nesi wa zahanati, na kaacha Honda au Yamaha au Suzuki nyuma ya nyumba: kabla hujaita mizani mwite kwanza fundi mzee aiangalie. Kama wewe huna muda nayo muuzie mtu atakayeifufua, au mpe kijana anayesoma ufundi VETA aifungue ajifunzie, injini yenye pushi rodi na pointi inamfundisha mtu kila kitu kwa sababu kila kitu kinaonekana. Na wewe Mhariri nakuomba mtume mwandishi akae na hawa mafundi wazee wa Makorora, Chumbageni na Ngamiani, aandike wanayoyajua kwa majina ya vifaa wanavyovitaja wenyewe. Hata nusu ukurasa kwa wiki tutausoma.

Halafu kuna la mwisho. Pikipiki yangu haina kava la pembeni la kushoto, lile la plastiki linaloficha betri, nimezunguka mpaka Segera sijalipata na ya Kichina haikai. Mwenye CG ya zamani ambayo kweli haiwezi kuamka tena na kava hilo bado zima, aandike kupitia gazeti hili. Nitalipa kwa pesa au kwa kushona, mwenyewe atachagua.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga