Kitako cha bunduki ya jirani

Lewiston, Maine
9 Oktoba

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima, theluji bado. Goti la mama linaendeleaje? Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana nina kosa la useremala la kukiri, na kwenye simu ungeanza kunicheka kabla sijafika popote.

Nina jirani, mzee mwindaji wa kulungu. Bunduki yake ni Winchester 94 aliyoachiwa na baba yake, na kitako kilikuwa kimeiva weusi kwa jasho la mikono. Aliposikia nilikuwa fundi mbao Tanga, akaniomba nikisafishe kabla ya msimu wa Novemba. Nikamwambia bunduki sitaki iingie kwangu, anipe mti tu. Akahakikisha haina risasi, akafungua skrubu moja ya juu, kitako hicho mkononi.

Ni mti wa jozi. Si mgumu kama mninga wetu, na chini ya ule uchafu una michirizi ya kahawia utadhani moshi. Vanishi kuukuu niliitoa kwa dawa na kikwangua cha plastiki. Kisha nikakutana na mabonyeo matano, na hapo nikakukumbuka wewe na pasi yako ya mkaa. Kitambaa kibichi juu ya bonyeo, pasi ya moto juu ya kitambaa, mvuke ukaingia, nyuzi zikavimba na kurudi mahali pake. Manne yamepotea. La tano lilichanjwa na kitu chenye makali. Nyuzi zikishakatika, mvuke utainua nini?

Msasa nilianza na namba 150, nikaja 220, nikifuata nyuzi. Nikalowesha mti makusudi, vinyweleo vikasimama, ulipokauka nikavikata kwa 320. Nikarudia. Baada ya hapo ni mafuta ya kitani, matone machache tu kiganjani, unasugua mpaka kiganja kinachoma. Wazee wa huku wanasema upake kila siku kwa wiki moja, kila wiki kwa mwezi, kila mwezi kwa mwaka, halafu mara moja kwa mwaka mpaka ufe. Mimi nina wiki tatu! Matambara yake usiyarundike kabisa, yanapata joto yenyewe na kuwaka. Nayaanika uani moja moja, shemeji yako anauliza nimezaa lini.

Sasa kosa. Nyuma ya kitako kuna bamba la chuma, pale panapokaa begani. Nililifungua nisije nikalikwaruza, nikapiga msasa mpaka ukingoni kwa raha zangu. Nilipolirudisha, chuma kimezidi mti pande zote, kama unene wa ukucha. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua bamba linaachwa palepale, msasa unapita huku ukilichunga. Yule mzee wetu wa karakana angenipiga rula ya vidole.

Jirani alikuja jana. Akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba pale ukingoni, akarudia tena. Akasema rangi imependeza.

Nikilipiga bamba tupa, ule weusi wake wa zamani utatoka, libaki linang'aa kama sufuria mpya. Nikiliacha, kila akiliweka begani atalisikia, na mimi naishi naye ukuta kwa ukuta. Kupunguza mti mwingine ndiyo kuharibu zaidi. Ungekuwa mlango wa mteja wako, ungefanyaje? Nijibu upesi, kitako nimeahidi kukirudisha mwisho wa mwezi. Cheka kwanza, kisha ujibu.

Wasalimie wote nyumbani na pale karakana, ila hii usiwasomee.

Nduguyo