Hiyo meli ya gesi itavuta maji yetu vipi?

Bwana Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee juu ya hii habari ya gesi ya LNG, ambayo hapa kwetu Mombasa inalala alafu inafufuka. Tulianza kuisikia 2013 kwenye ule mpango wa serikali wa megawati 5,000 za umeme, ikasemwa Dongo Kundu kutajengwa mtambo wa megawati 700 wa kutumia gesi ya kuletwa na meli, kisha ikanyamaza, na sasa naskia watu wanaitaja tena. Kwanza tusichanganye mambo, manake huku mtaani wengi wanadhani ni ile gesi ya mitungi ambayo Rais Ruto aliiwekea jiwe la msingi hapo hapo Dongo Kundu Februari 2023. Hapana, ile ni nyingine. Hii LNG ni gesi asilia iliyopoozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa majimaji, inachukua nafasi ndogo karibu mara 600, ndo maana inabebeka kwa meli.

Mimi sipingi umeme. Nimekuwa baharia, injinirumu, miaka mingi, na kinachonitia wasiwasi si mlipuko kama vile wengi wanaogopa, ni maji. Vituo vingi vya siku hizi havijengwi nchi kavu, inaletwa meli kubwa inafungwa pale pale baharini mwaka mzima, meli nyingine zinakuja kuijaza, na hiyo meli lazima iipashe gesi joto irudi kuwa hewa ndo iingie kwenye bomba. Joto hilo linatoka wapi? Njia ya bei nafuu ni kuvuta maji ya bahari, mengi ajabu, yanapita kwenye mitambo yananyang'anywa joto lake alafu yanamwagwa tena baharini yakiwa baridi na yana klorini ndani, manake bila klorini kome na chaza wanaota kwenye mabomba wanaziba.

Kila aliyefanya injinirumu anajua streina ya maji ya bahari, yaani kichujio cha kuzuia takataka zisiingie kwenye mabomba. Meli iko bandarini, presha ya pampu inaanza kushuka, unafunga valvu, unafungua bolti moja moja, unainua kile kikapu cha chuma kinanuka pwani yote, na ndani utakuta vidagaa havijafika hata urefu wa kidole, kamba wadogo bado wanarukaruka, vikaa, yavuyavu limelala juu kama ute. Nimemwaga vikapu hivyo sijui mara ngapi. Na hao ni wale wakubwa walioshindwa kupita kwenye matundu! Mayai ya samaki na vitoto ambavyo hata jicho halioni vinapita moja kwa moja, na huko ndani ni klorini na baridi, havitoki salama. Na hiyo ilikuwa meli ya kawaida ya mizigo.

Kule Marekani, Ghuba ya Mexico, makampuni yalitaka kuweka vituo vya namna hii baharini mbele ya Louisiana, kila kimoja kivute zaidi ya galoni milioni 100 za maji kwa siku. Wavuvi wakasimama. Sheria yao inampa gavana wa jimbo la karibu nguvu ya kukataa, na Mei 2006 Gavana Kathleen Blanco akaukataa mradi mmoja ulioitwa Main Pass kwa sababu hiyo hiyo ya mayai ya samaki. Unajua kilichofuata? Kampuni ikabadilisha mtambo, ikaja na ule wa kuzungusha maji yake yenyewe na kuchoma kidogo ya ile gesi kupata joto, na gavana akaukubali. Kwa hivyo inawezekana, ni gharama tu. Lakini waliuliza mapema.

Sasa nielezwe, sisi wa Port Reitz na Mtongwe, hiyo yetu itakuwa ipi? Maana maji haya si bahari kuu, ni hori, mikoko ya Mwache ndo chekechea ya kamba na tafi tunaokula, na maji yakishapoa humu hayana pa kukimbilia.

Ami yangu alipoteza malema sita, ile mitego ya samaki ya kusuka, wakati meli ya kuchimba mchanga ilipopita mahali anapotega. Alipoenda kudai akaambiwa alete risiti. Malema anasuka mwenyewe kwa mkono kibarazani, risiti itoke wapi? Mpaka leo hajapata hata ndururu. Na Lamu tuliona, Mahakama Kuu ya Malindi ilisema 2018 wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ile bandari mpya ya Lamu, lakini bahari ilikuwa ishachimbwa kitambo.

Wengine watasema si jirani Tanzania ana gesi na makubaliano ya bomba la Dar mpaka Mombasa yalisainiwa Mei 2021, kwa nini tuagize mbali. Swali zuri, na nyinyi waandishi mliulize, mimi langu ni la maji. Ikiwa mpango upo, kabla ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, kutoa leseni yoyote tuambiwe ni lita ngapi kwa siku, yatarudi na baridi kiasi gani, klorini ngapi, na chombo cha mvuvi kitakatazwa kukaribia meli hiyo kwa umbali gani. Iandikwe Kiswahili. Na mkutano usiwe hotelini Nyali, uje Mtongwe, na uwekwe siku za maji mafu, bahari isipojaa na kupwa sana, manake wakati wa bamvua, maji makubwa, wenye bahari yao wako kazini hamtawaona.

Baharia mstaafu,
Mtongwe, Mombasa.