Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Alfred Gilbert, Fundi wa Nta na Madeni

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mihtasari ya vikao iko kwa katibu, kwa hiyo humu sizigusi. Taarifa inahusu kazi kubwa ya mwaka, yaani masomo ya karakana juu ya Alfred Gilbert, mchongaji wa London aliyezaliwa tarehe 12 Agosti 1854 na kufariki tarehe 4 Novemba 1934.

Ilitolewa hoja kwamba tumchukue Francis Chantrey badala yake, yule aliyekufa mwaka 1841 akiwa na mali ya kutosha hata akaacha pauni 105,000 za kulinunulia taifa kazi za sanaa. Hoja ilikuwa nzuri, ila kamati iliona Chantrey anawafaa waliokwisha kufanikiwa. Gilbert anatufaa sisi wengine. Mikono yake haikuwa na mfano katika Uingereza ya wakati wake, lakini hesabu zake zilikuwa mbovu, na ubovu wenyewe ni ule tunaoukuta kwenye makadirio ya kazi za wanachama wetu kila mwaka.

Masomo yake nayapitia haraka. Alianza katika shule za Royal Academy, taasisi ya wasanii ya London, akawa msaidizi wa mchongaji Joseph Edgar Boehm, akaenda Paris, kisha Roma. Huko Italia ndiko alikoiona njia ya kusubu kwa nta inayoyeyuka, yaani metali humiminwa mahali ilipokuwa nta, ikiwa bado hai mikononi mwa mafundi. Uingereza ya siku hizo sanamu kubwa zilisubiwa zaidi kwa kalibu za mchanga, vipande vipande, kisha vikaunganishwa. Mwaka 1882 alionyesha London sanamu ndogo ya Perseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, akivaa silaha zake. Mchoraji Frederic Leighton akapendezwa, akamwagiza kazi ya bronzi na kumwachia achague mwenyewe cha kutengeneza. Gilbert akatoa Icarus, kijana wa kimo cha mita moja hivi aliyefungwa mabawa, ikasubiwa Naples na kuonyeshwa Royal Academy mwaka 1884. Leo iko katika makumbusho ya taifa ya Wales, Cardiff. Yatazameni manyoya ya yale mabawa. Alama za vidole na vijiti vya mfinyanzi zimebaki kwenye metali kama zilivyokuwa kwenye nta, na hilo kalibu ya mchanga haikupi bila kazi kubwa ya tupa na patasi baadaye.

Hapo ndipo karakana ilipotumia vipindi vingi zaidi, na kwa ajili ya waliokosa nayaandika hapa yaliyofanyika.

Umbo la udongo hutolewa kalibu ya plasta. Ndani ya kalibu hupakwa nta tabaka kwa tabaka mpaka ifike unene wa milimita 4 hadi 6, sawa pande zote. Unene huo ndio utakaokuwa unene wa metali. Nafasi inayobaki katikati hujazwa kiini, sehemu 1 ya plasta kwa sehemu 2 za vumbi la matofali yaliyochomwa. Kalibu ikifunguliwa, nta hurekebishwa kwa mkono, halafu hupigiliwa misumari inayopita kwenye nta na kuingia kwenye kiini, ncha zake zikibaki nje. Wengi huibania misumari, na hilo ni kosa kubwa. Nta ikishayeyuka na kutoka, misumari ndiyo pekee inayokishikilia kiini. Ikiwa michache, kiini huegemea upande mmoja. Upande huo metali haipiti ukapata tundu, na upande wa pili metali hujaa nene, ikipoa inajivuta na kupasuka.

Kisha huunganishwa vijiti vya nta, vingine njia za metali na vingine njia za hewa. Kila sehemu iliyo juu kuliko majirani zake, kama ncha ya kidole, pua au ukingo wa bawa, iwe na njia yake ya hewa, la sivyo hewa hunaswa hapo na metali haifiki. Yote hufunikwa ganda la nje la mchanganyiko uleule wa kiini, hupinduliwa na kuchomwa polepole mpaka nta yote itoke na unyevu wote uishe. Tanuri lifike nyuzi 600 hadi 700 na lidumu hapo; ukizidisha sana, plasta inakuwa unga. Ganda likionekana kavu kwa nje, usiliamini. Unyevu wa ndani ukikutana na bronzi ya nyuzi 1,150 unageuka mvuke mara moja, na ukikosa pa kutokea hutoboa metali matundu kama mkate, au huirudisha juu usoni mwa mmiminaji. Hata mwiko wa kuondolea taka uwashwe moto kabla haujagusa metali.

Juu ya kiasi cha metali palikuwa na ubishi, ukamalizwa na mizani. Pima nta yote, pamoja na vijiti. Kilo 1 ya nta inadai karibu kilo 10 za bronzi, yaani shaba nyekundu sehemu 9 na bati sehemu 1, ukihesabu na kidogo cha kubaki kwenye chungu. Asiyepima nta huishiwa metali katikati ya kumimina, na hiyo ni hasara isiyo na kiraka. Kumbukeni pia kwamba bronzi ikipoa hupungua: umbo la mita 1 hutoka na sentimita 98 na ushei. Mteja aliyetaka mita kamili aelezwe mapema au umbo lifinyangwe kubwa zaidi.

Kwa alumini hesabu ni nyingine, kilo 1 ya nta kwa kilo 3 tu. Hilo linatupeleka Piccadilly, katikati ya London.

Mwaka 1886 Gilbert alipewa kazi ya kumkumbuka Lord Shaftesbury, mwanasiasa aliyepigania sheria za kuwalinda watoto viwandani na migodini, aliyekufa mwaka uliotangulia. Hakutaka kufanya mzee mwenye koti. Alitengeneza chemchemi ya bronzi, na juu yake kijana wa alumini mwenye mabawa anayerusha mshale, amesimama kwa mguu mmoja. Watu wanamwita Eros, mungu wa upendo wa Wagiriki. Mwenyewe alisema ni Anteros, ndugu yake, mungu wa upendo unaorudishwa. Aliyesimama kuwa kielelezo alikuwa Angelo Colarossi, kijana wa kwenye karakana ya Gilbert.

Mwili wote, mabawa na upinde, vinaning'inia juu ya kifundo kimoja cha mguu. Kwa bronzi kifundo hicho kingebeba uzito zaidi ya mara tatu. Alumini ilikuwa metali ghali mno mpaka mwaka huohuo wa 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja kwake, njia ya kuitoa kwa umeme. Gilbert alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuifanyia sanamu ya hadharani. Tahadhari kwa watakaomuiga: alumini ikigusana na bronzi penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Wekeni kizuizi kisichopitisha umeme kwenye kila maungio, na maji yasituame hapo.

Chemchemi ilizinduliwa tarehe 29 Juni 1893, na matatizo hayakukawia. Beseni la chini lilikuwa limepunguzwa upana kuliko alivyotaka mchongaji, na maji yalipofunguliwa yaliwalowesha wapita njia, ikabidi yapunguzwe. Kanuni ya mafundi wa chemchemi ni kwamba kutoka kwenye mrija hadi ukingoni pasipungue urefu ambao maji yanaruka. Penye upepo ongeza. Vikombe vya kunywea vilivyofungwa kwa minyororo navyo viliibwa upesi. Mnaotengeneza mabomba ya hadharani mnajua hilo lilivyo.

Sasa fedha. Alikubali pauni 3,000. Kazi ilimgharimu kiasi cha pauni 7,000. Tofauti yake ilitoka mfukoni mwake, na mfuko haukuwa na kitu. Kwa maoni yangu pengo hili halikutokana na bei ya shaba peke yake. Alikuwa na tabia ya kubadilisha umbo baada ya bei kukubaliwa, kila mara liwe zuri zaidi, na kila mara kwa gharama yake.

Tabia hiyo ilimfuata Windsor, kwenye ngome ya wafalme wa Uingereza. Prince Albert Victor, mjukuu wa Malkia Victoria, alikufa Januari 1892, na Gilbert akaagizwa kaburi lake. Alilizungushia uzio wenye watakatifu 12 wadogo, akichanganya metali na pembe za ndovu. (Pembe zilizoshuka bandari ya London miaka hiyo, nyingi zilikuwa zimepitia Zanzibar.) Watakatifu saba wakapatikana, watano wakabaki. Akiwa na njaa ya fedha, akauza nakala za baadhi yao kwa watu binafsi, na familia ya kifalme ikakasirika. Hapa kamati haimtetei. Umbo lililoagizwa kwa kaburi la mtu haliuzwi nakala bila ruhusa ya maandishi, hata kama kalibu ni yako.

Mwaka 1901 alifilisika. Alivunja plasta zake nyingi zisije zikanakiliwa, akahamia Bruges, Ubelgiji. Mwaka 1908 akajiuzulu Royal Academy, alikokuwa amefundisha uchongaji. Alirudi Uingereza mwaka 1926, akawamalizia Windsor watakatifu watano waliobaki, na mwaka 1928 kaburi likakamilika, miaka 36 baada ya kuagizwa. Kisha akafanya ukumbusho wa Malkia Alexandra, London, uliozinduliwa Juni 1932. Akapewa cheo cha Sir na kurudishwa Royal Academy. Alikuwa na miaka 77, bronzi yake ikiwa bado na uhai uleule wa Icarus.

Kutokana na masomo haya, kamati inaleta mbele yenu fomu moja ya makadirio itumike kwa kila kazi ya kusubu inayopitia chama. Ina nafasi za uzito wa nta, metali, kuni au gesi, usafiri na msingi wa kusimamishia, pamoja na akiba ya kumimina mara ya pili, ambayo wengi hamuiweki. Malipo ni kwa awamu nne: mfano mdogo ukikubaliwa, udongo wa kimo kamili ukikubaliwa, metali ikitoka kwenye kalibu, na sanamu ikisimamishwa. Baada ya awamu ya pili, badiliko lolote la umbo au kipimo, liwe limetoka kwa mteja au kwa fundi mwenyewe, linaandikwa bei mpya na kusainiwa pande zote mbili kabla nta haijaguswa.

Fomu imeambatanishwa. Mwenye marekebisho amfikishie katibu kabla ya siku ya mkutano mkuu, kwani siku hiyo tutapiga kura tu.

Mwenyekiti