Nembo za televisheni zimehamia sebuleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya nembo za vituo vya televisheni zinazokaa kwenye kioo saa zote. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Mbuyuni, Moshi, na ninachokiandikia nimekiona kwenye meza yangu ya kazi.

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye mgahawa aliniletea TV ya plazima ya inchi 42. "Fundi, hii inashika chaneli mbili kwa pamoja," akasema. Nikaiwasha. Picha safi, sauti safi, lakini juu kulia, kila chaneli niliyoweka, palikuwa na kivuli cha nembo ya kituo kingine. Nilipoweka picha nyeupe tupu kikaonekana vizuri zaidi: duara, herufi zake, na chini kabisa utepe mpana, pale yanapopita maandishi ya habari. Mgahawani kwake kituo ni hicho kimoja tangu chai ya asubuhi hadi anapofunga usiku. Nukta za kioo zilizokuwa zinawaka kwa nguvu mahali pale pale miaka yote zimechoka kabla ya wenzake. Hapo hakuna cha kuchomelea. Nilimweleza ukweli na sikumtoza hela. Akaniachia TV nitoe vipuri.

Wanaoumia zaidi ni wenye plazima na wenye hizi mpya za OLED, ambazo kila nukta inajiwasha yenyewe. Zile za LED za kawaida zinastahimili kwa sababu taa zake ziko nyuma ya kioo. Hata hivyo, asiyeharibikiwa na kioo anaharibikiwa na picha. Hesabu siku moja wakati wa habari: nembo juu, saa pembeni, tangazo la mdhamini, tepe mbili chini. Uso wa mtu anayehojiwa unabanwa katikati.

Zamani kituo kilipiga hodi. Kabla ITV haijaanza mwaka 1994, sisi wa huku kaskazini tulifunga antena juu ya bomba refu tukaielekeza Kenya, mmoja juu ya bati anazungusha, mwingine mlangoni anapiga kelele "hapo hapo!" Kilichotuambia kwamba tumepata ni nembo ya kituo ikijaa kioo kizima pamoja na muziki wake. Ilikaa sekunde chache, ikaondoka, kipindi kikaanza. Televisheni ya Taifa ilipokuja mwaka 2000 bado mambo yalikuwa hivyo: unasikia mlio ukiwa jikoni, unajua taarifa ya habari imefika.

Kutengeneza nembo za namna hiyo ilikuwa kazi ya ufundi hasa. BBC ya Uingereza, kuanzia 1969 hadi 1985, ilikuwa na dunia inayozunguka mbele ya kioo cha kujitazamia. Haikuwa katuni: kilikuwa kifaa cha kweli kinachozungushwa na mota, kinapigwa picha na kamera ya nyeusi na nyeupe, kisha rangi zinatiwa kwa mitambo. Mwaka 1982 Channel 4, ya huko huko, ikaja na vipande vya rangi vilivyochorwa kwa kompyuta, vinaruka na kuungana kuwa tarakimu 4. Watu walifikiri, wakajenga kitu, wakakionyesha kwa muda mfupi.

Wala hatuna haja ya kwenda Uingereza kujifunza. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa zilizotangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania zinatosha. Mzee yule hakuwa anaona, na alipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Mpaka leo ukizigonga kwa vidole mezani, mtu wa rika langu atanyamaza asikilize. Baba yangu mdogo macho yake yamekwisha. Redio anaijua kwa sauti. Televisheni ikiwashwa anauliza, "Hii ni ipi?", kwa sababu nembo inayokaa kimya pembeni saa 24 haimwambii chochote.

Najua hoja ya wenye vituo. Picha zao zinaibwa na kurushwa kwenye YouTube na WhatsApp, hivyo wanaweka alama. Ni haki yao. Lakini alama ya ulinzi inaweza kuwa hafifu, nyeupe ya kupenyeza mwanga, na isogezwe kidogo kila baada ya muda. Si lazima iwe nyekundu inayowaka kama taa ya gari. Na kumjulisha mtazamaji yuko chaneli gani ilikuwa na maana enzi za TV za chogo, unazungusha kitufe hujui umeangukia wapi. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa huku kwetu mwaka 2013, king'amuzi chenyewe kinaandika jina na namba ya chaneli kila unapobadilisha.

Kwa hiyo naviomba vituo vyetu virudishe hodi: sekunde tano kati ya kipindi na kipindi, kioo kizima, na mlio wake wenyewe uliopigwa na wapigaji wetu. Halafu nembo ipumzike.

Ile plazima sijaifungua bado. Fundi mitambo wa kituo chochote akipita Moshi, aje Mbuyuni nimuwashie aone mwenyewe.

Msomaji wako,
Fundi wa televisheni,
Mbuyuni, Moshi