Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji ya Rangi Yasifike Baharini Jinsi Yalivyo

Wanachama wenzangu, mama zangu na ndugu zangu, assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Hesabu mtasomewa na mhazini, na habari za maonyesho na wanachama wapya anazo katibu. Mimi naomba nizungumzie maji yanayobaki baada ya kutia rangi batiki zetu. Mtaro wa Mombasa, uwe wa Mikindani au wa Kisauni, mwisho wake ni baharini. Hori ya Tudor ina mikoko, kaa na kamba, na wanaovua humo ni jirani zetu. Siwezi kuvumilia riziki yetu iwe ndiyo inayoharibu yao.

Njia tuliyoanza kuitumia mwaka huu ni mmenyuko wa Fenton. Henry Fenton, mwanakemia wa Cambridge, aliandika mwaka 1876 kuhusu rangi ya zambarau aliyoiona alipochanganya asidi ya tatariki, chuma kidogo, peroksaidi ya haidrojeni na alkali. Maelezo kamili aliyachapisha mwaka 1894. Mwaka 1934 Fritz Haber na Joseph Weiss walieleza kwamba chuma huivunja peroksaidi ikatoa radikali ya haidroksili, kitu kikali mno kinachoshambulia karibu kila kitu chenye kaboni, rangi zetu zikiwemo.

Waliokuja kwenye pipa la majaribio waliyaona wenyewe. Maji ya bluu iliyokoza yalitiwa asidi mpaka karatasi ya kupimia uchachu ikasoma pH 3, ikafuata salfeti ya chuma, zile chembe za kijani, halafu peroksaidi kidogo kidogo. Bluu iligeuka kahawia ya matope, povu likapanda, na ukigusa ubavu wa pipa unahisi lina joto. Baadaye maji yakabaki manjano hafifu. Tulipotia chokaa kurudisha pH kati ya 7 na 8, chuma kikaganda kuwa tope la rangi ya kutu. Mwanzoni lilielea kwa mapovu, na asubuhi likawa limetua chini.

Sasa yale yanayotusumbua. Kubwa ni chumvi. Tunaitia kwa vikombe ili rangi ishike kitambaa, na visima vyetu vingi vya pwani tayari vina maji ya chumvi. Kloridi huidaka ile radikali kabla haijaifikia rangi, na peroksaidi yetu ya bei inapotea bure. Salfeti ya sodiamu hufanya kazi ileile kwenye kutia rangi na haiusumbui mmenyuko kama chumvi, kwa hiyo nataka tuanze kuinunua kwa pamoja. Magadi nayo huipandisha pH juu sana, ndiyo maana asidi inakwisha upesi. Nta ienguliwe kwanza, maana peroksaidi isitumike kuchoma kitu ambacho kijiko kinaweza kukitoa.

Baadhi yenu mmeniuliza kama siki au ukwaju unaweza kushika nafasi ya asidi ya salfuriki. Hapana. Ukwaju umejaa asidi ya tatariki, ileile aliyoitumia Fenton, kwa hiyo utaliwa wenyewe kabla ya rangi. Siki ndiyo mbaya zaidi: asidi yake haivunjiki kwa urahisi, na itaongeza uchafu tunaoutafuta kuuondoa. Wala asidi iliyotoka kwenye betri kuukuu isikaribie pipa, kwa sababu ina risasi, na njia ya Fenton haiharibu metali. Risasi itabaki risasi. Watu wa Owino Uhuru, mtaa uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wanajua gharama ya jambo hilo kuliko mtu yeyote mjini hapa.

Naomba pia tusidanganyike na macho. Rangi hupotea mapema, wakati vipande vya molekuli zake bado vimo majini. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 50 za COD kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira. COD ni kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuuvunja kikemia uchafu uliomo majini, na hicho hupimwa maabara. Kwa hesabu ya kemia, kila gramu 1 ya COD inataka gramu 2.1 hivi za peroksaidi. Ukizidisha, peroksaidi au chuma, vyenyewe huanza kuzila radikali.

Jua tunalo. Mwanga wake hukirudisha chuma kilichokwisha kutumika kiweze kufanya kazi tena, na huko Almería, Hispania, njia hiyo imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Napendekeza tujaribu beseni pana lisilo na kina, badala ya pipa refu. Lakini dumu la peroksaidi likae kivulini, na kifuniko chake kiwe cha kupumua, kwani oksijeni ikijifungia humo hulipasua. Asiyevaa glavu na miwani asiiguse, na watoto wasiwe karibu kabisa.

Mbele yenu leo naweka maombi matatu: fedha za kupima COD maabara, ununuzi wa pamoja wa salfeti ya sodiamu, na kamati ndogo ya kutafuta mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wa kulichukua lile tope. Kwa sasa limekauka na limo magunia ndani ya stoo, na halitatoka hapo mpaka apatikane. Karibuni tuyajadili kisha tupige kura.