Pima nyumba ndogo kwanza

Jinja, Uganda

Ndugu yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na wote walio nyumbani Mukono. Barua yako nimeipata. Mmefanya vyema kuanza kufikiria kuhamia nyumba ndogo ya uzeeni sasa, mngali na nguvu za kuzunguka na kubishana na madalali. Mtu akingoja hadi magoti yakatae, watoto humhamisha kwa haraka, na cha kubaki na cha kutupwa huchaguliwa na wengine.

Umeuliza uanze kupunguza vyombo gani. Viache kwanza vilipo. Chukua tepu, nenda ukaipime nyumba mnayotaka kuhamia.

Tuseme chumba cha kulala ni futi 10 kwa 10. Kitanda chenu cha 6 kwa 6 kikikaa katikati, kila upande unabaki na futi 2. Mtu mwenye fimbo hapiti hapo vizuri, anahitaji karibu futi 3. Ukikisukuma hadi ukutani nafasi inapatikana, lakini anayelala upande wa ndani itabidi amvuke mwenzake kila akienda chooni usiku. Miguuni nako, kitanda pamoja na ubao wa kichwani ni kama futi 6 na nusu, kabati lina kina cha futi 2, inabaki futi moja na nusu: mlango wa kabati utagonga kitanda. Ningechukua kitanda cha 5 kwa 6, upande wa futi 3 apewe mwenye goti bovu, na nguo zikae kwenye rafu za ukutani. Kabla ya kununua chochote, chora chumba hicho kwa chaki kwenye sakafu ya sebule yenu, vipimo vile vile, mweke kitanda ndani ya mstari na mpite kandokando yake taa zikiwa zimezimwa. Mtajua mara moja.

Milango pia ipime, na usipime ubao. Fungua mlango kabisa, upime uwazi kutoka fremu hadi ubao uliofunguka. Kiti cha magurudumu kinataka sentimita 80 hivi, na mlango wa bafu mara nyingi ndio mwembamba kuliko yote. Kwenye kizingiti cha nje, kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko. Kizingiti cha sentimita 15 basi kinahitaji mteremko wa sentimita 180; uliza kama ua una nafasi hiyo. Bafuni mtahitaji choo cha kukaa, marumaru isiyoteleza, na vyuma vya kushikia vilivyofungwa kwa bolti zinazoingia ndani kabisa ya tofali. Skrubu inayoishia kwenye plasta hushika vizuri kwa miezi, kisha hung'oka siku ile mtu anapovuta kwa uzito wake wote.

Maji nayo. Jerikeni ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, na hiyo si kazi ya mtu wa miaka 75. Tangi la lita 500, watu wawili mkitumia lita 40 kila mmoja kwa siku, linawafikisha siku 6 mabomba yakikauka. Likijaa lina nusu tani, kwa hiyo jukwaa lake lijengwe na fundi anayejua, msiridhike na mbao za kupachika. Nendeni pia kuiona nyumba siku ya mvua kubwa, na tena usiku, mjue kama bodaboda au gari la hospitali litafika mlangoni.

Sasa nyumba ya Mukono. Hujaniambia kama mna hati ya kumiliki ardhi, au mnakaa kwenye kibanja, yaani kiwanja mnachokalia juu ya ardhi ya mailo ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Kama ni kibanja, sheria inataka mwenye ardhi apewe nafasi ya kwanza ya kununua kabla hujamwendea mtu mwingine. Barua ya LC1, yaani baraza la kijiji, inasaidia kuonyesha nani anakaa wapi, lakini haiwi hati. Na kwa kuwa ni nyumba ya familia, hamwezi kuuza bila ridhaa ya shemeji, iandikwe na atie sahihi yeye mwenyewe. Kama hati imepotea, anzeni kuishughulikia leo, maana nakala mpya haitoki bila tangazo kwenye gazeti la serikali na muda wa kungoja.

Jambo linaloniuma zaidi ni makaburi ya wazee wenu nyuma ya migomba. Wengi huuza kwanza, halafu wakaanza kumwomba mnunuzi ruhusa ya kuingia kuyasafisha. Mwite mpima ardhi kabla ya dalali. Akate kipande cha makaburi pamoja na njia ya kufika barabarani, aweke mawe ya mpaka, na kama ardhi ina hati yenu, kipande hicho kipate hati yake. Bila njia, mtabaki na makaburi msiyoweza kuyafikia.

Mkiamua kupangisha badala ya kuuza, hesabuni na kodi ya serikali. Mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Pango la 500,000 kwa mwezi ni 6,000,000 kwa mwaka, kwa hiyo kodi ni 381,600. Tengeni pia fedha za mabati na rangi, kwani mpangaji hatazitoa.

Shemeji najua atasema, wageni wa Idi na wa msiba watakaa wapi? Ana haki ya kuuliza. Lakini sufuria sita kubwa na viti thelathini vinavyotumika siku mbili kwa mwaka vinakula chumba kizima. Hema, viti na masufuria hukodishwa kila mji. Bakizeni magodoro mawili ya kukunja na sufuria moja kubwa. Picha na barua za zamani ziacheni mwisho. Anzeni na stoo, kwani huko hakuna cha kuwaliza.

Hameni kati ya Desemba na Februari, au Juni hadi Agosti, barabara zikiwa kavu. Friji isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazimika kulazwa, iacheni isimame siku nzima kabla ya kuiwasha, ili oili irudi kwenye kompresa, ile pampu ya friji. Lile kabati la mvule lipimwe leo. Mengi yaliunganishwa ndani ya chumba na hayapiti mlangoni bila fundi kuyafungua.

Nitumie upana wa milango mitatu, wa mbele, wa chumba na wa bafu, na kimo cha kizingiti. Nitakuchorea chumba na kukutumia mchoro kwa basi la Jumatatu.

Ndugu yako